Dawa ya Hospitali Yaweza Kukufunga Ng'ambo: Jinsi ya Kusafiri na Dawa Zako

Siku hizi vijiji vingi vina kijana au mama aliyekwenda kufanya kazi Saudi Arabia, Qatar au Dubai. Kikundi huchanga pesa za pasi na za safari. Watu huuliza juu ya mkataba, mshahara na ajenti. Lakini ni wachache wanaomwuliza msafiri: Je, ndani ya begi lako una dawa gani?

Swali hilo si dogo. Mwezi wa Oktoba 2017 mwanamke mmoja Mwingereza alikamatwa katika kiwanja cha ndege cha Hurghada, nchini Misri. Alikuwa na vidonge 290 vya tramadoli, dawa ya maumivu ambayo kwao Uingereza hutolewa kwa cheti cha daktari. Yeye alisema alikuwa akimpelekea mwenzake aliyeumwa na mgongo. Huko Misri tramadoli inadhibitiwa vikali na sheria. Mwezi wa Desemba mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka 3, na hakuachiliwa mpaka Januari 2019. Kusema "sikujua" hakukumsaidia.

Kwa nini dawa iwe kosa?

Kuna mikataba miwili ya Umoja wa Mataifa, ya mwaka 1961 na 1971, inayodhibiti dawa ambazo zinaweza kumlevya mtu au kumfanya mtumwa wake. Nasi Kenya tuna sheria yetu ya mwaka 1994. Tena kila nchi ina ruhusa ya kuongeza dawa nyingine katika orodha yake. Tramadoli haimo katika mikataba hiyo, lakini Misri, Saudi Arabia na nchi za Emirati (ambako ndiko Dubai iliko) zinaidhibiti. Sisi tunalielewa jambo hili kwa miraa: Meru ni zao la kuuza, lakini ukivuka nayo kuingia Tanzania ni kosa.

Dawa za kuangalia kwanza ni hizi:

- Dawa za maumivu makali: mofini, kodeini na tramadoli. Kodeini imo hata katika dawa nyingine za kikohozi za maji.
- Dawa za usingizi na za kutuliza wasiwasi, kama diazepamu, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Valium.
- Fenobabitoni, dawa ya kifafa inayotolewa katika hospitali zetu nyingi kwa sababu ni ya bei nafuu.

Dawa za presha, sukari na pumu kwa kawaida hazina shida ya namna hii. Hata hivyo, nazo zinahitaji karatasi zake.

Bahasha haitoshi

Katika dispensari zetu dawa hutolewa ndani ya bahasha ndogo au karatasi ya plastiki, imeandikwa "1 x 3" kwa kalamu. Hapa nyumbani inatosha. Lakini afisa wa forodha akiifungua anaona vidonge vyeupe tu, visivyo na jina. Hajui kama ni vya presha au ni vya kulevya. Ni hivyo hivyo na unga wa mitishamba uliotiwa kwenye chupa ya soda. Mgeni ni kuku mweupe; yeye ndiye atakayetazamwa kwanza.

Mambo ya kufanya kabla ya safari

1. Nenda kwa daktari mapema, angalau miezi miwili kabla ya kuondoka. Mwulize kama dawa yako ni ya kudhibitiwa kule uendako.

2. Omba barua ya daktari kwa Kiingereza, yenye sahihi na muhuri. Iseme ugonjwa wako, jina halisi la dawa (si jina la kampuni tu), kiasi unachomeza kwa siku, na ni ya siku ngapi. Ukiweza, itafsiriwe kwa Kiarabu pia.

3. Hakikisha jina lililo kwenye barua ni lile lile la pasi. Wengi wetu hospitalini tumeandikwa jina la ubatizo peke yake, au "Mama fulani". Afisa hatajua kuwa ni wewe.

4. Nunua dawa ikiwa katika pakiti yake ya kiwanda, na uweke risiti. Usichanganye dawa mbili katika chupa moja.

5. Kama ni dawa ya kudhibitiwa, omba kibali kabla ya kupanda ndege. Emirati kibali hutolewa na serikali yao, na Saudi Arabia na mamlaka yao ya chakula na dawa. Maombi hufanywa kwa intaneti, kwa hiyo kijana wa kikundi anaweza kusaidia pale saiba. Kwa nchi nyingine, uliza ubalozi wao ulioko Nairobi. Usitegemee neno la ajenti peke yake.

6. Beba kiasi cha matumizi yako tu. Kwa dawa za kudhibitiwa nchi nyingi haziruhusu zaidi ya siku 30. Basi uliza mapema utapata wapi nyingine zikiisha.

Usiache dawa kwa kuogopa

Mtu mwingine atasema, "Basi, heri niziache nyumbani." Hapana! Mwenye kifafa akikatiza dawa ghafla anaweza kupata degedege mfululizo mpaka afe. Kuna dawa nyingine za kifafa, kama karbamazepini, ambazo hazimo katika mikataba ile. Daktari anaweza kumbadilishia, lakini kubadilisha huchukua majuma kadhaa, tena chini ya uangalizi wake. Ndiyo sababu tunasema uende mapema. Wala usifiche ugonjwa kwa kuogopa kukosa kazi. Kuanguka peke yako katika nyumba ya wageni ni hatari zaidi.

Mzigo wa mtu mwingine

Jirani akisikia unasafiri atakuja na kifurushi: "Mpelekee dada yangu dawa yake ya mgongo." Ni vigumu kumkatalia, lakini kataa kwa upole. Dawa isiyo na jina lako huwezi kuitolea barua, na begi likifunguliwa wewe ndiwe mwenye mzigo.

Ukifika forodhani

Dawa zako zote na karatasi ziwe katika mkoba wa mkononi, si katika sanduku linaloingia chini ya ndege. Sanduku laweza kupotea, na insulini ikiganda kwa baridi imeharibika. Weka nakala za barua mahali pengine, na nyingine ziachie jamaa nyumbani.

Viwanja vingi vina njia mbili: ya kijani kwa asiye na cha kutangaza, na nyekundu kwa mwenye nacho. Ukiwa na dawa ya kudhibitiwa, pita nyekundu. Toa dawa, barua na kibali kabla hujaulizwa. Jibu kwa ufupi na ukweli. Wakichukua dawa, usigombane. Omba karatasi ya kuonyesha wamechukua nini. Ukizuiliwa, omba ubalozi wa Kenya ujulishwe, na usitie sahihi karatasi usiyoweza kuisoma.

Maswali ya kujadili katika kikundi

- Ni nani kati yetu anayejiandaa kusafiri? Anatumia dawa gani?
- Je, tunajua jina la kila dawa tunayomeza, au tunajua rangi yake tu?
- Barua, tafsiri na pakiti zina gharama. Je, tunaweza kuziingiza katika mchango wa safari?