Je, Wajua? Mlima Otzi, Roshani ya Mto Nili

Kwamba mkaazi wa Awindiri, mjini Arua, ambaye bahari ya chumvi iko mbali naye mno, aweza hata hivyo kupanda mlima, kupenya msitu, na kufikia ukingo ambapo maji mapana yametandaa chini yake? Mlima huo ni Otzi, wilayani Moyo, karibu na mpaka wa Sudani Kusini.

Njia hupita kwanza chini ya miti, ambako msafiri haoni ila vigogo, majani makavu na mawe yaliyochomoza. Kisha, miti inapopungua, humfunukia Mto Nili, ambao, baada ya kutiririka taratibu kutoka Ziwa Albert ukichukua mafunjo yaeleayo, hujipinda ghafla penye mji wa Nimule na kushika jina la Bahr al-Jabal.

Juu kidogo ya pindo hilo, upande mto utokako, ndiko iliko ngome ya kale ya Dufile. Kwa sababu maporomoko ya Fola, kaskazini ya Nimule, huzuia kila chombo, mashua za chuma zilichukuliwa vipande vipande kwa njia ya bara, zikaunganishwa Dufile, na mwaka 1876 mpelelezi Romolo Gessi akasafiri nazo hata akalizunguka Ziwa Albert. Mwaka 1888 askari wa gavana Emin Pasha walipigana hapo na jeshi la Mahdi wa Sudani, na matuta ya udongo ya ngome yao yangalipo.

Basi ni wajibu wetu, watu wa West Nile, kuuhifadhi msitu wa Otzi, kwani historia na maumbile ya nchi yetu vimekutana mahali hapo.