Spika zikizimwa Kahama, nani atalipa kodi ya chumba?

Mgodi wa Buzwagi, jirani na mji wa Kahama, ulipoacha kuzalisha dhahabu mwaka 2021, mwajiriwa aliyechangia mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF alikuwa na pa kubisha hodi. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2018 yalileta fao la kukosa ajira: aliyechangia angalau miezi 18, akaachishwa kazi bila kutaka mwenyewe, hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Si nyingi, ila mwenye nyumba anatulia.

Fundi mitambo anayefunga spika kwenye baa wanazojaa wachimbaji siku ya mshahara hana pa kubisha. Wateja wakihama, kazi imekwisha. Lakini kisheria hajapoteza ajira, kwa kuwa hakuwahi kuajiriwa. Alikuwa akilipwa mkononi alfajiri, akishakunja waya.

Mcheza mbina wa kijijini, ngoma za mashindano za Wasukuma, ana nafuu. Msimu wake ni kiangazi, baada ya mavuno, makundi hasimu ya Bagika na Bagalu yanapogombea watazamaji. Mvua zikianza anarudi kwenye pamba na mpunga, na jembe analolirusha kwenye ngoma ya bugobogobo linakuwa bima yake. Anayeumia ni mpiga kinanda, dansa na fundi taa wa mjini, wanaofuata dhahabu kwenye machimbo ya Nyarugusu hadi Kakola; rashi ikihama, nao wanahama.

Zamani wako waliopona. NUTA Jazz, bendi iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, iliwalipa wanamuziki wake mshahara wa mwezi, ukumbi ujae usijae.

Leo aliyejiajiri anaweza kujichangia NSSF, na ni jambo jema, lakini hiyo hasa ni akiba ya uzeeni. Njaa ya Februari haingoji uzee. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unakopesha. Mkopo nao hudaiwa hata mwezi usio na shoo, kwa hiyo sielewi kwa nini tunauita kinga.

Ufaransa wameacha kuuliza mwajiri ni nani, wanahesabu saa. Msanii au fundi wa jukwaa akifikisha saa 507 ndani ya miezi 12, hata kama zimetoka kwa waajiri ishirini, hulipwa siku asizopata kazi.

Huku tungeanzia kwa wenye vitabu vya hesabu: halmashauri, migodi, waandaaji wa maonesho ya madini ya Geita. Kila wanapokodi muziki, wakate mchango wa fundi na msanii palepale kwenye malipo. Mwenye baa wa Kakola atabisha, na namwelewa. Aanze anayetoa risiti.