Hitilafu Isiyokubali Kushikwa

Asubuhi nzima programu ya mauzo inazungumza na seva ya wingu bila shida. Watu wakienda kula na kurudi, ombi la kwanza linagoma. Ukijaribu tena, linapita. Lawama zote hutupiwa kampuni ya intaneti, na mara nyingi inaonewa bure.

Kufungua muunganisho mpya kunakula muda: kabla ya data yoyote kupita, pande mbili hubishiana hodi, kisha hukubaliana juu ya funguo za kuficha mazungumzo. Kwa hiyo programu huuacha muunganisho wazi ili iutumie tena baadaye. Lakini njiani kuna vifaa vinavyotunza orodha ya miunganisho iliyo hai, na nafasi yao ina kikomo. Muunganisho ulio kimya hufutwa. Kwenye wingu la Amazon, lango la NAT, linalopitisha miunganisho ya ndani kwenda intaneti, huufuta baada ya sekunde 350. Kisawazisha mzigo (kifaa kinachogawa maombi kati ya seva) cha Azure, wingu la Microsoft, mipangilio isipoguswa, huufuta baada ya dakika 4. Linux nayo, hata ikiagizwa imchungulie mwenzake kama bado yupo, kwa kawaida husubiri sekunde 7,200. Saa mbili nzima!

Dalili zenyewe hutofautiana. Lango la Amazon humjibu mtumaji papo hapo kwamba muunganisho umevunjwa. Azure, kwa mipangilio ya kawaida, hunyamaza tu, na programu inabaki imeganda ikingojea jibu lisilokuja.

Hitilafu inayosumbua zaidi ni ya kupishana kwa muda. Kwa miaka mingi seva za Node.js zilifunga muunganisho usio na kazi baada ya sekunde 5, ilhali kisawazisha cha Amazon kilicho mbele yake kwa kawaida huuweka kwa sekunde 60. Seva ikifunga wakati uleule ombi liko njiani, mteja anapata kosa namba 502, na kwenye kumbukumbu za programu hakuna kitu. Dawa ni seva kuvumilia zaidi kuliko kisawazisha, tuseme sekunde 65.

Basi kabla ya kugusa nyaya, pima ukimya uliotangulia kosa. Kwenye Azure, ukizidi dakika 4 kila mara, umeshampata mshukiwa mkuu.

Wengi hukimbilia kuiagiza programu ijaribu tena yenyewe. Sawa, mradi iongeze muda kati ya jaribio na jaribio. Ila jibu kupotea si ushahidi kwamba kazi haikufanyika. Kuuliza salio mara mbili hakudhuru. Malipo lazima yabebe namba yake ya pekee, ili seva itambue ni yaleyale na isimkate mteja tena.