Miezi Saba Kabla ya Kidato cha Tano

Kijana wa Geita akimaliza mtihani wa kidato cha nne mwishoni mwa Novemba, anarudi nyumbani kusubiri hadi Julai ndipo aripoti kidato cha tano, kama amechaguliwa. Ni miezi saba isiyo na kengele wala ratiba. Ukanda wa dhahabu unaijua miezi hiyo vizuri kuliko wapangaji wa miradi. Nyarugusu, Mgusu na Lwamgasa kuna maduara, yaani mashimo ya dhahabu, ya kushuka na mialo ya kuoshea mchanga. Katoro kuna bodaboda za kuendesha na maduka ya kuuza. Upande wa Shinyanga, Kishapu na Msalala, mvua zikianza watu wako shambani, pamba na mahindi. Kwa msichana, huo ndio wakati wa posa kubisha hodi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2010 ulionyesha kwamba mkoani Shinyanga asilimia 59 ya wanawake wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza 18.

Naanza na kalenda kwa sababu miradi ya kuwalea wanafunzi wa sekondari katika jamii za programu huria hukwama kwenye kalenda kabla ya kukwama kwenye kompyuta. Programu huria ni zile ambazo msimbo wake uko wazi: yeyote anaweza kuusoma, kuurekebisha na kuomba marekebisho yake yaingizwe. Si kitu cha mbali. Zahanati ya kijijini Geita hujaza vitabu vya MTUHA, vya taarifa za huduma za afya, kwa mkono, kisha takwimu za mwezi huingizwa kwenye DHIS2, mfumo huria ambao wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameshiriki kuuendeleza kwa miaka mingi. Mtoto anayepewa chanjo Bukombe leo anahesabiwa humo. Kinachokosekana ni njia ya kumtoa mwanafunzi kwenye kuhesabiwa na kumfikisha kwenye kuujenga mfumo wenyewe.

Mojawapo ya njia kubwa zilizowahi kufunguliwa kwa rika hilo ilikuwa shindano la Google Code-in, lililoanza 2010 na kufanyika kwa mara ya mwisho msimu wa 2019. Vijana wa miaka 13 hadi 17 walipewa kazi ndogo ndogo na jamii mbalimbali za programu huria: kurekebisha kosa kwenye msimbo, kuandika maelezo ya matumizi, kujaribu programu na kuripoti kasoro, kuchora alama. Kila kazi ilikuwa na mlezi wa kuikagua, na mlezi alitakiwa ajibu ndani ya saa 36. Mpango huo ulifikiriwa vizuri, na bado sijaona ulioupita kwa uwazi wake.

Lakini ulipangwa kwa saa za mahali pengine. Mara nyingi shindano lilianza mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba na kuisha Januari. Kwetu, Novemba ni mwezi wa mitihani ya taifa, na Desemba shule zinafungwa. Chumba cha kompyuta kinafungwa, ufunguo unaondoka na mwalimu wa zamu, na mwanafunzi anarudi kijijini ambako simu ya nyumbani ni ya baba. Hata shule zikiwa wazi, simu haziruhusiwi, na darasa la watu wengi linagawana mashine chache kwa kipindi kimoja au viwili kwa wiki. Muda wa kazi ya siku chache huisha kabla zamu ya mwanafunzi haijafika tena. Tena kuna umri. Aliyechelewa kuanza shule kwa sababu alikuwa anachunga ng'ombe anafika kidato cha nne akiwa na miaka 18 au 19. Kwa kanuni za shindano lile, huyo alikuwa ameshapitwa.

Mwafrika wa kwanza kushinda zawadi kuu ya shindano hilo alitoka Bamenda, Kamerun. Nji Collins Gbah alikuwa na miaka 17 aliposhinda katika msimu wa 2016, kwa kazi alizoifanyia OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa. Muda wa kuwasilisha kazi ulipokwisha katikati ya Januari 2017, haikupita hata siku mbili serikali ikazima intaneti katika eneo lake lote, na ikabidi asafiri nje ya mji wake kutafuta mtandao. Nina sababu ya kulisimulia hili kwa msomaji wa Kahama. OpenMRS ilianza 2004 kwa ajili ya wagonjwa wa VVU wanaohudumiwa Eldoret, Kenya, na ikaanza kutumika huko 2006. Eldoret iko upande wa pili wa Ziwa Victoria, ziwa letu hilihili. Mfumo uliozaliwa jirani yetu ulimpata mmoja wa wanafunzi wake bora ng'ambo ya pili ya bara, kijana aliyejifundisha mwenyewe kwa vitabu na mtandao. Najiuliza ni wangapi wa kwetu waliokuwa na kichwa kama chake, wakakosa mtu wa kuwajibu.

Kwa maana kujibu ndiko kulea. Mwanafunzi wetu amefundishwa kwamba hawezi kumwuliza mkubwa swali kabla hajamwamkia. Basi anaingia kwenye mazungumzo ya jamii ya programu, anaandika kwa Kiingereza chake cha shuleni kwamba anamtakia mwalimu asubuhi njema na anaomba kujua hali yake, kisha anatulia. Anangoja kuitikiwa ndipo aseme shida yake. Mlezi aliyeko Berlin anaona salamu isiyo na swali, ana ujumbe mwingine mwingi wa kusoma, anapita. Siku ya pili kijana anaamini amekataliwa. Hakuna aliyekosa adabu hapo, kila mmoja ameifuata ya kwao. Na akifika mbali zaidi, akatuma kazi yake, inarudi na maneno matano makavu kwamba aunganishe mabadiliko yake yote kuwa moja na aandike kichwa upya. Kwa waliozoea, hayo ni maneno ya kawaida, tena dalili kwamba kazi inakaribia kupokelewa. Kwa mtoto aliyezoea kalamu nyekundu, ni sifuri. Anahitaji mtu wa kukaa naye dakika kumi, amwambie kwa Kiswahili, au hata Kisukuma, kwamba hapo hajafeli, arekebishe atume tena.

Mtu huyo hayumo kwenye makaratasi ya miradi. Tangu sheria ya madini iliporekebishwa 2017, kila mgodi unatakiwa kuandaa kila mwaka mpango wa huduma kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Madarasa, maabara, mabweni na zahanati vimejengwa kwa njia hiyo, na vinahitajika. Kompyuta nazo hununuliwa, hukabidhiwa, hupigwa picha. Ila mlezi hana kipimo cha tofali wala namba ya stakabadhi. Posho yake ya miezi saba huenda ikawa ndogo kuliko bei ya kuweka vigae kwenye chumba cha kompyuta, lakini hakuna pa kuiandika. Napendekeza iandikwe, kwa jina lake hasa: posho ya mlezi.

Na huyo mlezi aanzie wapi? Kwenye ramani. OpenStreetMap, ramani huria iliyoanza Uingereza 2004, katika kampeni za pamoja huchorwa kwa kugawa eneo vipande vya mraba. Mchoraji anachagua kipande, anafungua picha ya satelaiti, anafuatisha kingo za kila paa. Aliyeko Ulaya akiona duara, anaandika nyumba. Kijana wa Kisukuma anatazama palepale na kutenganisha: lile kubwa ni msonge, lile dogo pembeni ni kihenge cha mtama, na uzio wa miiba ni zizi. Akiona maturubai yamebanana kwenye uwazi mwekundu, anajua hapo palikuwa na rashi ya dhahabu, na kwamba huenda watu wameshahamia kwingine, yamebaki mashimo yasiyofunikwa ambayo ng'ombe na watoto hutumbukia. Ramani inayoandika kijiji mahali pa mashimo ni ya hatari. Anayeweza kuirekebisha ni yule anayepita hapo kwa baiskeli, na programu kama OsmAnd humruhusu kurekodi akiwa nje ya mtandao, atume akifika mjini. Kazi yake ikishatumwa, mhakiki huipitia na kumwandikia. Kila hatua ya programu huria imo humo.

Hili limeshafanyika nchini. Ramani Huria ya Dar es Salaam, 2015, iliwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu, wakiwemo wa Chuo Kikuu Ardhi, kuchora kata zinazofurika. Crowd2Map Tanzania, iliyoanza mwaka huohuo, huwaunganisha wachoraji wa nje na wanavijiji wanaoongeza majina ya mahali, na mkoani Mara ramani hizo zimesaidia kuwafikia wasichana wanaokimbia ukeketaji.

Shinyanga yenyewe iliwahi kujifunza kwa miti somo hili la kuanzia na ujuzi wa wenyeji. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza 1986 ulitegemea sana vitalu vya miche, na watu hawakuvutika. Mambo yalibadilika ulipogeukia ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho ya kiangazi. Hadi mradi unafungwa 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudishiwa uoto. Maofisa walianzia kwenye kitu ambacho wazee walikuwa wanakijua tayari, kisha wakaongeza utaalamu juu yake.

Jambo moja la kuepuka ni zawadi kubwa. Mwaka 2009 hadi 2010 Google iliendesha shindano la kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili kwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania. Makala ziliongezeka kwa mamia, zawadi zikatolewa, na wengi hawakuonekana tena. Wahariri wachache wa kujitolea wakabaki na kazi ya kusafisha.

Kwa hiyo mpango ningeupanga hivi. Uanze Desemba mara mitihani ikiisha, usifuate msimu wa mtu mwingine. Uwe kwenye kituo cha walimu cha kata, si shuleni, ili funguo zisiondoke na likizo, na saa ziwe za mchana, msichana arudi nyumbani mapema na mzazi aje aone anachofanya. Walezi wawili kila kituo, waliomaliza chuo na wanaoishi Kahama au Geita mjini, walipwe hadi Juni. Umri usiulizwe. Matokeo ya kidato cha nne hutoka Januari, na hapo ndipo wenye alama ndogo huacha kuja popote wanapojua wataulizwa daraja walilopata. Mlezi awafuate nyumbani wiki hiyohiyo. Jamii za programu huria hupokea kazi iliyo sahihi bila kudai cheti cha NECTA, na aliyepata sifuri anaweza kuchora kata yake yote kabla wenzake hawajaripoti kidato cha tano.