Disleksia na Msomaji wa Kiswahili

Yako madai yanayorudiwa mara kwa mara miongoni mwa walimu wa lugha, kwamba Kiswahili husomwa kama kiandikwavyo, na kwa hiyo mtoto ashindwaye kukisoma ama hana akili au hana bidii. Sehemu ya kwanza ya dai hili ni kweli kwa kiasi kikubwa. Sehemu ya pili si kweli, na madhara yake si haba. Katika madarasa ya Kiswahili wamo watoto wenye akili timamu, wasikivu, hodari wa kusimulia na kutegua vitendawili, ambao maandishi huwatesa kila siku. Hali yao huitwa disleksia. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi hali hiyo inavyojitokeza kwa msomaji wa Kiswahili, jinsi wepesi wa tahajia unavyoweza kuificha machoni pa mwalimu, na jinsi muundo wa lugha yenyewe unavyoweza kutumiwa kumsaidia mwanafunzi.

Jina hilo lina asili ya Kiyunani, nalo liliundwa na Rudolf Berlin, tabibu wa macho wa mji wa Stuttgart, Ujerumani, aliyechapisha kitabu juu ya jambo hili mwaka 1887. Miaka kumi kabla yake, mwaka 1877, Adolf Kussmaul alikuwa ametumia usemi wenye maana ya ‘upofu wa maneno’. Wote wawili walishughulika na watu wazima waliopoteza uwezo wa kusoma baada ya ubongo kupata madhara. Mwaka 1896, W. Pringle Morgan, daktari wa mji wa Seaford, Uingereza, alieleza habari za mvulana wa miaka 14, aliyemtaja kwa jina la Percy, ambaye hakuwa ameumia popote. Mvulana huyo alikuwa amefundishwa tangu akiwa na umri wa miaka saba, lakini maneno mepesi kabisa yalimshinda, na aliwahi kuandika jina lake mwenyewe ‘Precy’ pasipo kutambua kosa. Hesabu hazikumpa taabu; aliweza kuzidisha 749 kwa 867 upesi na kupata jibu sahihi. Mwalimu aliyemfundisha kwa miaka kadhaa alisema kwamba, lau mafundisho yote yangalitolewa kwa mdomo, Percy angalikuwa hodari kuliko wote shuleni.

Kauli ya mwalimu huyo ilikaribia ukweli kuliko jina walilolitumia madaktari. Usemi ‘upofu wa maneno’ uliwafanya watu wadhani kwamba kasoro imo machoni, na hata leo wako wazazi wanaompeleka mtoto kupimwa macho, wakanunua miwani, na taabu ikabaki vilevile. Uchunguzi wa miongo mingi umeonyesha kwamba, kwa walio wengi, shina la disleksia limo katika namna ubongo unavyozichambua sauti za maneno na kuziunganisha na herufi kwa haraka. Mtoto huisikia sauti vizuri, na hulielewa neno. Linalomwelemea ni kulivunja neno katika vipande vyake na kuvifungamanisha na alama zilizo karatasini. Hali hii huandama koo: aghalabu mzazi, mjomba au shangazi naye alikuwa nayo bila kuijua. Haina uhusiano na wingi au uchache wa akili. Makadirio mengi huitaja asilimia 5 hadi 10 ya watu, yaani, katika darasa la wanafunzi 50, wapatao wawili hadi watano.

Kwa upande wa istilahi, ‘disleksia’ lafaa kukubaliwa kama neno la mkopo. Usemi ‘ugumu wa kusoma’, ambao wengine huupendelea, ni mpana mno, maana humhusu pia mtoto asiyefundishwa, asiyeona vizuri, au ajaye shuleni na njaa.

Tahajia nyepesi na ugumu uliojificha

Sehemu kubwa ya elimu ya mwanzo juu ya disleksia ilitokana na Kiingereza, lugha ambayo tahajia yake ni ya ajabu kidogo. Mwanafunzi akutanaye na cough, though na through hukuta herufi nne zilezile zikitamkwa kwa njia tatu mbalimbali. Katika lugha kama hiyo mtoto mwenye disleksia hujulikana upesi, kwa kuwa husoma maneno kimakosa na kila mtu akasikia. Mambo hubadilika katika lugha zilizo na tahajia ya kawaida. Mwaka 1997 Karin Landerl, Heinz Wimmer na Uta Frith waliwalinganisha watoto wenye disleksia wasomao Kiingereza na wenzao wasomao Kijerumani. Watoto wa Kiingereza walikosea mara nyingi zaidi. Wale wa Kijerumani walisoma maneno mengi kwa usahihi, lakini polepole, kama mtu apandaye mlima akiwa na mzigo. Mwaka 2001 wachunguzi walioongozwa na Eraldo Paulesu walitoa habari za Waitaliano, Wafaransa na Waingereza wenye disleksia. Waitaliano walisoma vizuri kuliko wenzao, lakini picha za ubongo zilionyesha upungufu uleule wa utendaji, katika sehemu ileile ya upande wa kushoto, kwa watu wa mataifa yote matatu. Kwa maneno mengine, shina lilikuwa moja, na tahajia ndiyo iliyoamua litachipua kwa sura gani.

Kiswahili kiko upande wa Kijerumani na Kiitaliano. Irabu ni tano, nazo hazibadiliki; silabi nyingi ni wazi, yaani huishia kwa irabu; na mtoto aliyekwisha kujua ba, be, bi, bo, bu anao ufunguo wa maneno mengi. Hata hivyo wepesi huo usitiwe chumvi. Tofauti ya ng’oa na ngoa imebebwa na alama ndogo mno. Neno mbuni, likiwa ndege, lina silabi mbili, na likiwa mti wa buni lina tatu, wala maandishi hayaonyeshi. Irabu ikirudiwa maana hugeuka, kama katika kufa na kufaa, au kupa na kupaa. Alcock na Ngorosho, waliochunguza uandishi wa watoto wa Tanzania na kutoa matokeo yao mwaka 2003, walisisitiza kwamba kujifunza tahajia ya lugha yenye kanuni za namna hii si kazi ya mchezo.

Lililo zito zaidi ni urefu wa maneno. Kiswahili huandika viambishi vyote pamoja na mzizi. Neno atakayekusomea lina silabi nane, na Kiingereza kingehitaji maneno sita mafupi kulieleza. Msomaji wa kawaida huliona neno hilo kwa vipande vikubwa vilivyozoeleka. Mwenye disleksia hulisoma silabi kwa silabi, na afikapo mwisho amekwisha kusahau mwanzo. Ndiyo sababu haifai kutumia kipimo kimoja cha kasi kwa lugha mbili. Katika mpango wa Tusome, ulioanzishwa katika shule za msingi za Kenya mwaka 2015, kiwango cha kumhesabu mtoto kuwa msomaji mwepesi kilikuwa maneno 65 kwa dakika katika Kiingereza, na 45 katika Kiswahili.

Sasa yaweza kueleweka jinsi mwanafunzi anavyopotea machoni pa mwalimu. Katika madarasa ya chini usomaji mwingi hufanywa kwa pamoja: mwalimu husema, darasa likaitikia. Mtoto mwenye disleksia, ambaye mara nyingi ana masikio mazuri na kumbukumbu nzuri, huishika hadithi yote moyoni katika siku mbili na kuitoa akiwa amekitazama kitabu, hata kama kimefunguliwa ukurasa mwingine. Aitwapo kusoma peke yake, husoma kwa kusitasita lakini bila makosa mengi, na mwalimu akaandika kwamba ‘anaweza ila ni mvivu’. Afikapo darasa la nne, ambapo sayansi, dini na hesabu za maelezo zote hupitia katika kusoma, mzigo humshinda ghafla. Hapo ndipo aanzapo kuugua tumbo asubuhi, kuficha daftari, au kufanya utundu ili afukuzwe darasani kabla zamu yake ya kusoma haijafika. Adhabu ya kiboko, iliyotumiwa sana katika shule za Kenya hadi ilipopigwa marufuku mwaka 2001, haikumfundisha yeyote kusoma. Iliwafundisha wengi kuchukia vitabu, na baadhi yao ni wazazi leo, wanaowaona watoto wao wakipita njia ileile.

Kutambua

Kupinduapindua herufi, ambako watu wengi hukuchukua kuwa ndiyo alama kuu, hakutoshi. Ni kweli kwamba mtoto achanganyaye b na d aweza kumgeuza baba akawa dada, jambo lichekeshalo darasa zima isipokuwa mhusika. Lakini takriban watoto wote hufanya hivyo mwanzoni, nao huacha baada ya muda. Vilevile mwalimu hana budi kutenga athari za lugha ya kwanza. Mgikuyu aandikaye kura mahali pa kula, au thambi kwa dhambi, anafuata sauti na tahajia ya lugha yake. Mjaluo aandikaye samba kwa shamba kadhalika. Makosa hayo yana mpango, na aliye nayo huyarudia kwa namna moja. Makosa ya mwenye disleksia hayatulii: neno lilelile huandikwa kwa sura tatu katika ukurasa mmoja, silabi ikirukwa hapa, nazali ikidondoshwa pale, mbegu ikawa begu na tena megu.

Kipimo kizuri kuliko vyote ni maneno yasiyokuwapo. Mtoto akipewa tamuliko au ndepiza, hawezi kutegemea kumbukumbu wala maana. Atasoma kwa sauti na herufi pekee, na ugumu wake utadhihirika. Kipimo cha pili ni saa.

Kusaidia

Disleksia haitibiwi kwa dawa wala haiishi. Hata hivyo mtu aweza kufundishwa hadi akasoma vyema, mradi afundishwe kwa utaratibu, hatua kwa hatua, na kwa marudio mengi kuliko wenzake. Mafundisho ya namna hiyo yaliasisiwa Marekani na daktari Samuel Orton pamoja na mwalimu Anna Gillingham katika miaka ya 1920 na 1930. Kiini chake ni kwamba jicho, sikio, ulimi na mkono vifanye kazi kwa wakati mmoja: mtoto huitazama herufi, huitamka sauti yake, na huichora kwa kidole. Mchanga wa uwanjani watosha kwa kazi hiyo, na hauna gharama.

Kiswahili chenyewe kina hazina mbili ambazo mwalimu aweza kuzitumia. Ya kwanza ni kinyume, mchezo wa watoto wa pwani wa kuihamisha silabi ya mwisho mwanzoni: samaki akawa kisama, nyumba ikawa mbanyu. Wazee wengi huuona kuwa upuuzi, lakini ni zoezi barabara la kuvunja neno na kulijenga upya, na huchezwa bila kitabu. Ya pili ni sarufi. Neno refu likifundishwa kukatwa penye viungo vyake, a-ta-ka-ye-ku-som-e-a, hupungua ukali. Viambishi vya nafsi, vya wakati na vya urejeshi havizidi idadi ndogo, nao hurudi katika kila ukurasa. Mtoto akivizoea kama azoeavyo sura za jamaa zake, hubaki na mzizi tu wa kupambana nao. Uchambuzi huu wa mofimu hungojewa mpaka shule ya sekondari, na hufundishwa kwa ajili ya mtihani. Mwanafunzi mwenye disleksia anauhitaji mapema, tena kama chombo cha kazi.

Inafaa pia sauti na herufi ziimarishwe katika Kiswahili, au katika lugha ya mama yenye tahajia kama hiyo, kabla ya kumtumbukiza mtoto katika vituko vya Kiingereza. Taabu haitakoma kwa kuvuka lugha, maana shina ni moja, lakini atakuwa na mahali pa kusimama.

Watu wazima wenye disleksia wamejitengenezea njia nyingi za kuishi nayo. Wako wafanyabiashara wasiotumia daftari la wadeni kwa kuwa wanalo kichwani. Wako mafundi waombao waonyeshwe kazi mara moja badala ya kupewa maelezo yaliyoandikwa. Na siku hizi simu husoma maandishi kwa sauti na kupeleka ujumbe wa mdomo. Njia hizi hupunguza fedheha.

Mtihani ndiyo kizingiti kigumu zaidi. Kumwongezea muda mtahiniwa mwenye mahitaji maalumu ni jambo linalokubalika nchini Kenya, lakini ni lazima ahitajiwaye awe ametambuliwa mapema na habari zake ziwe zimeandikwa. Wengi hukosa nafasi hiyo kwa sababu ripoti zao husema tu kwamba wanasoma bila makosa. Mwalimu aliyeandika kwamba mnamo tarehe fulani mwanafunzi alisoma aya ya maneno 60 kwa dakika tatu, bila kosa hata moja, na kwamba baada ya muhula mmoja alisoma aya ya urefu huohuo kwa dakika mbili na nusu, amekwisha kutoa ushahidi ambao wakaguzi wanaweza kuufanyia kazi.