Kusoma Ujerumani: ada ni bure, kuishi si bure

Wasikilizaji wetu wengi wanauliza: ikiwa vyuo vikuu vingi vya umma Ujerumani havitozi ada, mbona mzazi anafikia kuuza shamba?

Jibu ni pesa ya kujikimu. Mwanafunzi asiye na ufadhili wala mdhamini, kabla ya kupewa viza, kwa kawaida huonyesha euro 11,904 za mwaka mzima katika akaunti maalumu iliyozuiwa. Kiwango hicho kilianza Septemba 2024. Akishafika, hutoa euro 992 tu kwa mwezi: kodi ya chumba, chakula na bima ya afya, ambayo ni lazima.

Mwezi wa kwanza ndio mgumu. Mwenye nyumba anaweza kudai amana inayofikia kodi ya miezi mitatu. Sheria inaruhusu kuilipa kwa awamu tatu, lakini tunashauri mwanafunzi awe na akiba nyingine pembeni.

Na kumbukeni, ndugu wasikilizaji: akaunti hiyo huwa na jina la mwanafunzi mwenyewe. Wakala akitaka pesa hizo ziingie kwenye simu yake, mkatalieni.