Kompyuta ya Nyumbani na Mkono Wake Mmoja

Kompyuta iliyoko sebuleni mwangu, hapa Tanga, ilifikia hadi ya kwamba binti yangu alikuwa akiiwasha kwanza, kisha huenda jikoni akainjika birika la chai, na maji yachemke, na chai imiminwe vikombeni, kioo kingali kinazungusha kile kiduara chake. Fundi niliyemwita, kijana mwenye adabu na mikono myepesi, aliitazama kwa dakika chache akatoa hukumu ambayo wenye kompyuta wengi wamekwisha kuisikia: ama ipigwe Windows upya, ama iuzwe. Sikuridhia lolote kati ya hayo mawili, kwani mashine iliyokuwa nyepesi miaka mitatu nyuma, na ambayo hakuna kilichovunjika ndani yake, haiwi nzito bila ya sababu, na sababu hutafutwa kabla ya dawa.

Ili mtu aifahamu sababu hiyo yampasa kwanza aijue diski, maana kompyuta nyingi za majumbani mwetu, hasa zile zilizotufikia kutoka ng'ambo zikiwa zimekwisha kutumika, huhifadhi kila kitu katika diski ya sahani. Waliowahi kuiona gramafoni, au waliokuta kwa babu zao santuri za Siti binti Saad, ambaye sauti yake ilitiwa katika santuri huko Bombay mwaka 1928, hawatapata taabu kuielewa. Ndani ya kisanduku cha chuma cha diski hiyo mna sahani ngumu zizungukazo mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na juu ya kila uso wa sahani mna mkono wenye kichwa kidogo cha kusomea na kuandikia. Ila kichwa hiki, tofauti na sindano ya gramafoni, hakiigusi sahani, bali huelea juu yake kwa umbali wa nanomita chache, mwanya ambao hata chembe ya moshi haiupenyi. Ndiyo maana asiyekuwa na chumba maalumu kisicho na vumbi asithubutu kamwe kuifungua diski kwa bisibisi.

Asili ya ufundi huu ni mwaka 1956, pale kampuni ya IBM ilipotoa mashine iliyoitwa RAMAC, yenye sahani 50 za upana wa inchi 24, ambazo zote kwa jumla zilichukua herufi milioni 5, takriban kiasi cha picha moja ipigwayo leo kwa simu ya mkononi. Tangu hapo nafasi imeongezeka kupita kiasi, walakini katika diski zetu za nyumbani mikono yote imefungwa kwenye mhimili mmoja, huenda pamoja na kurudi pamoja, na kwa wakati mmoja hukaa mahali pamoja tu. Sahani ya mizunguko 7,200 huchukua milisekunde 8 na kidogo kukamilisha mzunguko, na mkono nao huchukua muda wa namna hiyo kuruka kutoka pembe moja hadi nyingine, kwa hiyo ikiwa vitu vinavyotakiwa vimetawanyika, mkono hupata kuvifikia mia moja hivi kwa sekunde. Mia ni nyingi kwa mwanadamu. Kwa kompyuta inayoamka, ikitafuta maelfu ya faili ndogondogo, ni akali mno.

Basi nilibonyeza pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc, njia ambayo tangu Windows 8 ya mwaka 2012 humfikisha mtu penye orodha ya Startup, yaani ya programu zinazoamka pamoja na mashine, nikakuta humo wageni 14 ambao sikumbuki kuwaalika. Mlikuwamo programu ya simu za video tuliyoitumia siku moja tu, wakati wa arusi ya ndugu yetu aliye Muscat. Mlikuwamo msaidizi wa printa ambayo tulikwisha kuigawa. Mlikuwamo programu ya muziki, vivinjari viwili, na wengine ambao kazi yao yote ni kuuliza kama kuna toleo jipya lao wenyewe. Kila mmoja wao, siku ile alipoingizwa nyumbani, alijiandikia idhini ya kuamka alfajiri, na kwa kuwa kila mmoja ana faili zake katika pembe yake ya diski, wote 14 waliuita mkono ule mmoja kwa wakati mmoja. Mkwaruzo niliokuwa nikiusikia kila asubuhi, na taa ya diski isiyopumzika kumetameta, vilikuwa sauti na sura ya mtumishi mmoja anayeitwa na mabwana 14.

Kuiondoa programu katika orodha hiyo si kuifuta. Itabaki mahali pake, na ukiihitaji utaifungua mwenyewe. Niliiacha antivairasi, nikaziacha zinazoshughulika na sauti na kipanya, nikazima zilizosalia, kisha nikaizima mashine na kuiwasha tena kwa amri ya Restart, wala si kwa kuifunga tu, maana katika Windows za siku hizi, pale ambapo mwanzo wa haraka umeruhusiwa, kompyuta iliyofungwa huhifadhi sehemu ya hali yake ya jana na kuirejesha kesho pamoja na maradhi yake. Siku ile binti yangu alikaa kitini kabla birika halijaanza kuvuma.

Sikukomea hapo, kwani diski nayo ina haki zake. Faili likiandikwa mahali palipobaki mianya midogo midogo, hukatwa vipande, na mkono hulazimika kuviokota kimoja kimoja. Kuvikusanya ni kazi ambayo tangu zama za Vista Windows huifanya yenyewe kila wiki, lakini huifanya pale kompyuta inapokuwa imewashwa na haina shughuli, ilhali wengi wetu huiwasha kwa haja na kuizima haja ikiisha. Basi mara mojamoja iachwe ijifanyie kazi hiyo, na pabakizwe asilimia 15 ya nafasi ikiwa tupu ili ipate pa kugeukia. Mwenye diski ya SSD, isiyo na sahani wala mkono, amri ya kukusanya vipande haimhusu: kuipangia SSD vipande ni kuichakaza bure.

Umeme wetu wakatika, na diski iliyokatikiwa ikiandika huacha hesabu isiyotimia. Umeme ukirudi, na mashine ikakwambia yataka kujikagua, usiikatishe kwa pupa. Na mwenye kompyuta ya mezani asione UPS, yaani betri ya akiba ya umeme, kuwa ni anasa. Kadhalika diski huweka daftari la maradhi yake, liitwalo SMART, ambamo huandika idadi ya sehemu zilizoharibika na kuhamishwa, na programu ya bure kama CrystalDiskInfo hulisoma kwa dakika moja. Idadi hiyo ikipanda juma baada ya juma, au ukisikia kichwa kikigonga tik, tik, tik, jua kwamba hapo kupiga Windows upya ni kumchosha mgonjwa aliye mahututi.

Mintarafu ya zile programu zinazojitangaza kuwa zitasafisha rejista, yaani daftari la mipangilio ya Windows, na kuirudishia kompyuta ujana wake, rai yangu ni kwamba zisiguswe. Baadhi yake humtisha mtu kwa maelfu ya makosa yasiyomdhuru, zikamtaka fedha, na jambo la kwanza zilifanyalo ni kujiandika katika orodha ileile ya wanaoamka alfajiri. Fedha hizo, akiwa nazo mtu, azitie katika SSD. Hakuna badiliko jingine moja litakaloihuisha kompyuta ya zamani namna hiyo, kwa kuwa linauondoa ule mkono wenyewe.

Nakusihi, ewe msomaji, kabla hujagusa lolote katika niliyoyataja, chukua diski ya nje, unakili humo picha za watoto, vyeti na barua zako, uitoe, uiweke kabatini. Ndipo urudi kwenye kompyuta.